Kitabu Kimoja, Pande Mbili za Ngozi

Kwa miaka yote niliyokuwa kazini nilikana kwamba nilikuwa nachagua vitabu vya watoto kwa kuvitazama kichwa chini. Waliowahi kunifuma nimekaa sakafuni ofisini, kitabu kimegeuzwa mbele yangu, niliwapa majibu niliyokuwa nimeyaandaa. Mmoja nilimwambia nakagua gundi. Mwingine nilimwambia shingo inaniuma na daktari ameshauri nikae hivyo. Kijana mmoja aliyetoka chuoni na cheti kipya aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama nilikuwa najua kusoma. Nilimjibu kwamba nina digrii. Hakuuliza tena, lakini niliona hakuridhika.

Sasa nimestaafu na naweza kusema. Niligeuza kila kitabu kabla ya kukikubali, bila kukosa. Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye viti vile sababu yake, kwa kuwa nasikia siku hizi mnachagua vitabu kwa kutazama majalada kwenye simu, na simu haina upande wa pili wa kukaa.

Nilipomaliza chuo kikuu nilipangiwa Tarime. Kwetu ni Songea, na Tarime niliijua kwenye ramani tu, mahali ambapo kidole kikiteleza kidogo kinaingia Kenya. Ilikuwa miaka michache baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Akina mama walikwenda shamba la kijiji asubuhi, na watoto wadogo waliachwa kwa mwanamke mmoja, chini ya paa kama bahati ilikuwapo. Ikaamuliwa kwamba watoto hao wasiangaliwe tu bali wafundishwe. Wenye heshima waliita madarasa hayo chekechea. Wengine wote waliita vidudu. Kazi yangu ilikuwa kuchagua vitabu vya picha vya kupeleka kwenye madarasa hayo, Tarime na Serengeti. Sikuwa na mtoto. Sikuwa nimewahi kuzungumza na mtoto zaidi ya kumwamkia na kumuuliza mama yake yuko wapi. Inaelekea hilo halikuwa kikwazo kwa waliopanga.

Siku ya kwanza nilifika na sanduku la bati lililojaa maandishi ya mihadhara. Nilimkuta Mama Consolata, mwenyeji wa Bukoba, mwalimu wa zamani wa shule ya misheni, mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Alinipa kitabu cha picha akasema, "Chagua."

Nikaanza kueleza. Nilizungumzia ukuaji wa akili ya mtoto, hatua kwa hatua, nikitaja wataalamu ambao majina yao sikuwa na hakika nayatamka sawasawa. Mama Consolata alinisikiliza mpaka nilipovuta pumzi. Halafu akachukua kile kitabu, akakikunja kinyume mpaka mgongo wake ukalia kama kuni kavu. Akakinusa. Akalamba kidole, akakisugua juu ya picha ya nyanya. Kidole kikawa chekundu.

"Mtoto anaanza kusoma kwa mate, Ndugu Msomi," akasema. "Hii nyanya itaishia tumboni."

Jina la Ndugu Msomi lilinikaa mpaka alipostaafu yeye. Nadhani lilikuwa na mapenzi ndani yake, ingawa sikuwahi kuliona likitoka nje.

Yeye ndiye aliyenifundisha vifaa. Sindano ya magunia, uzi, mshumaa wa kupaka uzi ili usikatike, kitambaa cha kaki cha kuvalisha majalada. Kitabu kilichobanwa kwa pini za chuma tulikifungua na kukishona upya kabla hakijatoka ofisini, kwa sababu pini zinashika kutu na kutu inakula karatasi. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Panya waliipenda gundi hiyo kuliko walivyopenda mahindi, kwa hiyo mwaka mmoja nilipata wazo la kitaalamu la kuichanganya na pilipili ya kusaga. Panya waliacha. Kisha tukapata habari kutoka madarasa kadhaa kwamba watoto wanalia wakati wa hadithi, hata hadithi za kuchekesha. Mama Consolata alinitazama tu juu ya miwani yake. Tukarudi kwenye muhogo mtupu.

Kuchagua nilikuja kujifunza kwa kupeleka vitabu visivyofaa. Machochwe, mpakani mwa hifadhi, nilipeleka kitabu cha simba aliyevaa kofia. Simba huyo alikuwa anatabasamu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Huko chuoni tungesema picha hiyo inamwondolea mtoto hofu. Watoto wa Machochwe walisogea nyuma. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake aliinama, akaitazama picha, akaniuliza, "Huyu anacheka nini? Ameshakula?" Nilifunga kitabu. Mahali ambapo watu wanahesabu usiku kuwa salama kama zizi halijavunjwa, simba akicheka kuna mtu kapoteza ndama.

Sirari ilikuwa shida ya aina nyingine. Mpaka ulifungwa na kufunguliwa, lakini bidhaa za rangi nzuri hazikujali habari hizo. Zilitoka Isebania, upande wa Kenya, na zikaingia. Watoto wa pale waliniita "Madam" na walikuwa wameshazoea vitu vyema. Nilipowafungulia kitabu chetu kipya, msichana mmoja aliuliza, "Hii kitabu ni ya huku ama ya ng'ambo?" Nikasema kwa fahari kwamba ni ya huku. Wakakigusa kwa huruma.

Lakini sababu ya mimi kugeuza vitabu haikutoka Machochwe wala Sirari. Ilitoka kwenye kijiji kimoja mbele ya Kenyamonta, ambacho jina lake nitaliacha, kwa kuwa wajukuu wa wahusika bado wanaishi pale na baadhi yao ni wepesi wa kusoma.

Lazima nieleze kwanza jinsi kitabu kilivyotumika. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo kila darasa lilipata nakala moja ya kila kitabu. Moja kwa watoto wote. Mwalimu alitandika ngozi ya ng'ombe chini, mahali mwanga wa mlango unapoangukia, akaweka kitabu katikati, watoto wakakaa kuizunguka. Kukiinua kifuani hakukusaidia: picha zilikuwa ndogo na banda lilikuwa giza. Chini, karibu na mlango, kila mtu aliona kitu. Niliupenda sana utaratibu huo. Niliuandikia hata ripoti, nikauita "duara la usawa." Kuna mtu wilayani aliipigia mstari sentensi hiyo.

Kijiji hicho kilikuwa kimeunganisha koo mbili. Moja ilitoka upande wa mlima, nyingine ilitoka upande wa mto, na kabla ya kuhamishwa zilikuwa zimechukuliana ng'ombe kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka nani alianza, ingawa kila upande ulijua. Wazee walikubali kukaa kijiji kimoja kwa masharti. Mkutanoni, Mlimani wanakaa upande wao na Mtoni upande wao. Shambani hivyo hivyo. Na darasani, kuzunguka ngozi, watoto wa Mlimani migongo yao kwenye ukuta wa ndani, watoto wa Mtoni mlangoni. Watu walikuwa wanaishi kwa amani kwa sababu ya mpangilio huo, na hakuna ofisa aliyekuwa na hamu ya kuugusa.

Mwalimu wa chekechea alikuwa Bhoke, mke wa mtu wa Mtoni. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, aliyeweza kuigiza jogoo mpaka majogoo wa jirani wakajibu. Alikaa upande wa mlangoni, pamoja na watoto wa Mtoni, na kitabu kilimwelekea yeye.

Nadhani mmeshaona kinachokuja. Mimi sikuona. Nilikuwa nimetembelea darasa hilo mara kadhaa na nilikuwa nimekaa mlangoni kila mara, kwa sababu mgeni anapewa mahali pazuri.

Aliyeona alikuwa Mwalimu Mwita, mkuu wa shule ya msingi ya pale. Watoto wa kwanza waliofundishwa na Bhoke walipoingia darasa la kwanza, aliwagawia vitabu. Nusu yao wakavifungua na kusoma. Nusu nyingine wakavipokea, wakavigeuza kichwa chini, na wakasoma pia. Kuku. Mama. Maji. Bila kukwama. Akavigeuza sawa, wakakwama. Akawatazama vizuri akagundua kwamba waliogeuza vitabu wote ni watoto wa Mlimani, na wasiogeuza wote ni wa Mtoni.

Mwalimu Mwita alikuwa mtu wa kawaida, si mchochezi, lakini alikuwa na mdomo. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Tulipofika na Mama Consolata kwa Landrova ya idara, mkutano ulikuwa umeshaanza nje ya banda. Upande wa Mlimani alisimama Mzee Nyamhanga, mtu mkavu, fimbo ndefu, sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye vitabu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie. Kitabu kina uso na kina kisogo?"

Nikasema kinaweza kusemwa hivyo.

"Wa Mtoni wamepewa uso. Sisi watoto wetu wamepewa kisogo. Miaka miwili! Kesho wakienda kufanya mtihani, nani atawageuzia serikali kichwa chini ili waisome?"

Upande wa Mlimani ukanguruma. Upande wa Mtoni, wakubwa kwa wadogo, waliangalia chini kwa bidii, kama watu wanaojitahidi wasicheke. Mmoja alishindwa.

"Mnacheka!" Nyamhanga akageuka. "Mnacheka, kwa sababu mlijua! Mlimweka pale mwalimu wenu makusudi!"

Baba mkwe wa Bhoke, Mzee Matiko, alisimama upande wa Mtoni. Bhoke alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemeshani ana kwa ana pale, kwa hiyo alinigeukia mimi. "Mwambieni mwalimu aseme kama alifanya makusudi."

"Sikufanya," Bhoke akasema, naye akinitazama mimi.

"Anasema hakufanya," nikamwambia Mzee Matiko, aliyekuwa amesikia vizuri kabisa.

Mwisho wa maneno mengi ukawa huu: Mlimani hawawezi tena kuleta watoto kwa Bhoke, na kama watoto hawaji, wake zao hawaendi shamba la kijiji, kwa sababu watabaki kuwaangalia. Mtoni wakasema kama ni hivyo, shamba ni la wote ama si la mtu. Mwenyekiti wa kijiji alikwishapeleka habari wilayani Mugumu, na Bwana Elimu wa wilaya alikuwa amejibu kwa ufupi. Kama hawajaelewana kabla ya kuanza kuvuna pamba, darasa lifungwe, banda liwe ghala la pamba, na Bhoke arudi nyumbani. Pamba ilikuwa imeshapasuka.

Nilimwona Bhoke anakunja ile ngozi ya ng'ombe polepole, kama mtu anavyokunja nguo za safari.

Tulirudi Tarime. Njiani Mama Consolata alisema kitu kimoja tu. "Duara la usawa," akasema, na akafunga macho.

Kesho yake tuliweka mkeka sakafuni ofisini, tukakaa tumeelekeana, yeye huku mimi kule, na kati yetu tukaweka kitabu. Kimoja baada ya kingine, ghala zima. Utaratibu ulikuwa rahisi: kama mmoja wetu hawezi kufuata hadithi kutoka alipokaa, kitabu kinakwenda pembeni. Tuliporidhika na upande mmoja tulibadilishana mahali. Karani wa masijala aliingia, akatuona wanawake wawili wazima tumekaa chini tunabishana kama yule ni bata au ni birika, akatoka bila kusema shida yake.

Karibu vyote vilianguka. Nyuso zilizogeuzwa zilikuwa viazi. Miti ilikuwa mifagio. Mto ulikuwa anga. Nilianza kuelewa kwamba watoto wa Mlimani walikuwa wamefanya kazi ambayo mimi na digrii yangu nisingeiweza: walikuwa wamefuata hadithi za watu wenye viazi badala ya nyuso, wakazikumbuka na kuzipenda.

Kitabu kilichobaki nilikuwa nimekikataa mwenyewe mwaka uliotangulia. Kilikuwa na picha za boma lililochorwa kutoka juu, kama anavyoliona mwewe: mapaa ya nyasi ya mviringo, zizi, njia za kwenda kisimani, na ndama mmoja aliyepotea ambaye kila ukurasa ulikuwa unamtafuta. Hakikuwa na juu wala chini. Maneno yake yalikuwa machache, yameandikwa kwenye kingo zote nne. Nilikuwa nimeandika sababu ya kukikataa: mtoto wa umri huo hawezi kuelewa mchoro wa kutoka juu. Nilikuwa nimelitoa hilo kwenye mhadhara.

"Nani aliyekwambia hawawezi?" Mama Consolata akauliza. "Watoto wale wanachungia mlimani. Kila siku wanaliona boma hivi."

Tulikipeleka. Mkutano ukaitwa tena, watoto wakaletwa, wa Mlimani kwa shingo upande. Bhoke akatandika ngozi, kila kundi likakaa mahali pake, kitabu kikawekwa katikati. Wazee walisimama nyuma, mikono kwenye fimbo.

Watoto waliinamia picha. Halafu kasichana ka Mlimani kalikoitwa Ghati kakanyoosha kidole. "Yule pale! Ndama!"

"Wapi?" wakauliza wa Mtoni.

"Nyuma ya ghala la mtama! Hamna macho?"

"Ile ni mbuzi."

"Mbuzi gani ana mkia hivyo? Nyie kwenu mbuzi wana mikia hivyo?"

Mtoto mmoja wa Mtoni alitambaa juu ya ngozi kwenda kuangalia kwa karibu. Akafika upande wa Mlimani, akainama, akasema kwa masikitiko, "Kweli, ni ndama." Hakurudi kwao. Alibaki pale akisubiri ukurasa mwingine. Niliwatazama wazee. Nilikuwa na uhakika kwamba nimeshinda, na nilikuwa nimeanza hata kufikiria maneno ya ripoti.

Mzee Nyamhanga alikohoa. "Ndugu Ofisa, kitabu chako kizuri. Hata mimi nimemwona ndama. Lakini vipo vingine vingapi kama hiki?"

Nikasema ukweli. Hicho tu.

"Na hivyo vingine vyenye uso na kisogo, bado vitasomwa?"

"Vitasomwa, mzee. Ndivyo tulivyonavyo."

"Basi sitaki kitabu. Nataka mwalimu. Akitugeuzia kitabu akiwa mlangoni, yeye hatakisoma; aje akae upande wetu nusu ya siku, na uso wa kitabu utamfuata. Jambo dogo."

Lilionekana dogo kweli. Nilijiuliza kwa nini sikuwa nimelifikiria. Nikamgeukia Bhoke nikitegemea kumwona anatabasamu.

Alikuwa ametoa macho kama mtu aliyeitwa shaurini.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi kukaa?" nikauliza. "Ni hatua chache tu, dada."

"Siwezi kukaa kule."

Upande wa Mlimani ukaanza tena. Mnaona! Anatudharau! Bhoke akasimama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti bila kuigiza jogoo.

"Baba mdogo," akamwambia Mzee Nyamhanga, "mimi nimezaliwa wapi?"

Nilimtazama Nyamhanga, nikamtazama Bhoke. Kumbe pua ilikuwa ile ile. Kijiji kizima kilijua. Ni mimi na Mama Consolata tu tuliokuwa wageni. Bhoke alikuwa binti wa Mlimani aliyeolewa Mtoni, mmoja wa ndoa chache zilizopita kati ya koo zile, na ng'ombe wa mahari yake walivuka kutoka Mtoni kwenda Mlimani mchana, watu wakitazama, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Nimezaliwa kwenu," akaendelea. "Mwanamke akiondoka kwa mume akaenda kukaa na baba zake, mnasemaje? Mnasema amerudi. Nikikaa upande wenu hata nusu ya siku, watu wa Mtoni watasema Bhoke amerudi kwao. Watakuja kudai ng'ombe wao. Na nyie mmeshawachinja wengine na wengine mmewatoa mahari. Halafu mtapigana. Kwa sababu ya kuku na mama na maji. Ndiyo maana nimekaa mlangoni. Niliona watoto wanasoma kichwa chini. Niliona tangu mwanzo. Niliomba Mungu wajigeuze wenyewe."

Hakuna aliyecheka, hata upande wa Mtoni.

Nilimuuliza Mzee Matiko kama ukoo wake ungedai ng'ombe. "Mimi sidai," akasema. "Lakini nina ndugu. Na mke si wangu, ni wa Chacha. Neno la ndoa ya mtu aliye hai silisemi mimi. Aulizwe Chacha."

Chacha, mume wa Bhoke, alikuwa akifanya kazi kiwandani Musoma na alikuwa hajarudi tangu msimu wa mvua. Nikasema ataandikiwa. Mzee Nyamhanga akatikisa kichwa. Karatasi, akasema, kila mmoja ataisoma anavyotaka, na wengine kichwa chini. Anataka kumsikia kwa masikio yake. Matiko naye akasema hivyo hivyo. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana siku hiyo.

Ndipo tukapanda Landrova kwenda Mugumu, kwenye simu ya ofisi ya wilaya: Nyamhanga mbele, Matiko nyuma, Bhoke upande mwingine akiwa amegeuza uso dirishani kwa adabu, Mama Consolata na mimi katikati yao kama ukuta. Tulimkuta Bwana Elimu amekwishatenga watu wa kuja kupima banda kwa ajili ya pamba. Akatazama msafara wetu, akasogeza kiti, akatuachia meza.

Simu za wakati ule mliomba, mkasubiri. Opereta aliunganisha Musoma, Musoma wakaunganisha kiwanda, kiwandani mtu akaenda kumtafuta Chacha kwenye mashine. Tulisikia kelele za mashine zikiingia na kutoka kila mlango ulipofunguliwa. Nilishika mkono wa simu mbali kidogo na sikio. Haikuwa na haja ya kushikwa karibu; ilikuwa inapiga kelele kama redio.

"Haloo? Nani amekufa?" ilikuwa sauti ya kijana anayehema.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Ni ofisi ya elimu. Wako hapa baba yako, na Mzee Nyamhanga, na mkeo."

Akajibu polepole: "Wote pamoja? Basi afadhali angekufa mtu."

Mzee Nyamhanga akainama kwenye simu na kupiga kelele ile ya kuita ng'ombe. "Chacha! Tunataka mkeo akae kwetu!"

Nikasikia mashine tu. Niliogopa. Nilitaka kueleza lakini Bhoke alikuwa amesogea, na macho yake yalikuwa kwenye simu kama vile mtu yumo ndani.

"Bhoke," ile sauti ikasema, chini kabisa. "Unaondoka?"

Sikujua la kufanya na mkono wa simu. Matiko hawezi kumpa mke wa mwanawe kitu mkononi, lakini aligeukia ukutani kumpisha, mzee yule, akaangalia kalenda kama anayeisoma. Nikampa Bhoke.

"Siondoki," akasema. "Nahama mahali pa kukaa tu. Darasani. Watoto wa kule wanaona kitabu vibaya. Nikikaa nao asubuhi, wanaona vizuri. Mchana narudi mlangoni. Jioni narudi kwako... narudi nyumbani. Wanasema wakiniona kule, ng'ombe watadaiwa."

"Darasani?"

"Darasani, Chacha."

Tulisikia pumzi ikitoka upande ule, pumzi ya mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito kutoka kwenye mashine mpaka ofisini. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mtu mwingine kiwandani akauliza kuna nini.

"Nipe baba," akasema.

Bhoke aliweka mkono wa simu mezani. Nikauokota, nikauelekeza kwa Matiko, na Nyamhanga akasogea bega kwa bega naye ili asipitwe.

"Baba, na wewe mzee wa Mlimani, mnanisikia? Wale ng'ombe tulitoa kwa ajili ya Bhoke. Hatukutoa kwa ajili ya mahali anapokaa. Akae Mlimani, akae Mtoni, akae juu ya paa kama kuna watoto huko. Atakayedai ng'ombe kwa ajili hiyo, akija kwangu simpi hata maji. Nimemaliza. Huku wananikata mshahara."

Simu ikakatika. Wazee wawili walibaki wameinama juu ya mkono wa simu usio na mtu, vichwa vyao vimekaribiana kuliko nilivyowahi kuwaona, mpaka Matiko alipokumbuka na kunyooka.

"Umemsikia?" akamuuliza Nyamhanga.

"Nimemsikia." Mzee Nyamhanga akapangusa sikio kwa kiganja, akamgeukia binti wa kaka yake. "Haya, mwalimu. Kesho asubuhi uje mapema. Jua la mlangoni linafika kwetu asubuhi, nitakuwekea kigoda."